Damu Imekatika, Maumivu Yamebaki

Kwa wengi hedhi hukoma ndani ya miezi sita ya mwanzo. Sauti inazama, ndevu zinachomoza kidevuni, mafuta yanahama mapajani kwenda tumboni, na ile wiki ya kila mwezi iliyokuwa ikiogopwa inapita bila kutokea. Kwa mwanamume aliyezaliwa na kizazi na kuandikishwa msichana, mara nyingi hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote za testosteroni. Halafu siku moja, pengine mwaka wa pili au wa tatu wa sindano, panabana chini ya kitovu. Panabana, panaachia, panabana tena. Mbano huu anaujua. Ni chango lilelile la zamani, ila safari hii hakuna damu ya kulieleza.

Akienda hospitali anapigwa altrasaundi. Picha inarudi safi. Anaambiwa kwamba kwa kuwa hedhi imekatika kizazi chake kimelala, kwa hiyo hayo yatakuwa ni gesi, au choo kigumu, au wasiwasi tu. Naandika sura hii kulipinga jibu hilo. Kizazi cha mtu anayetumia testosteroni hakijalala kwa kiwango tunachodhani, na hata pale kilipolala kweli, kimezungukwa na misuli, neva na tabaka laini zenye sababu zao wenyewe za kuuma. Kazi ya daktari ni kujua kinachouma ni kipi. Kwa maoni yangu swali linaloifanya kazi hiyo vizuri kuliko mashine yoyote ni hili: maumivu yanakuja lini?

Dawa yenyewe si ngeni. Testosteroni ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na Adolf Butenandt, mmoja wa walioitengeneza, alitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 1939 kwa kazi yake juu ya homoni za jinsia. Mwaka huohuo wa 1939, Michael Dillon, Mwingereza aliyesoma Oxford, alimwendea daktari aliyekuwa akiijaribu dawa hiyo, akapata vidonge. Sauti ikashuka, ndevu zikaota. Baadaye Dillon mwenyewe akawa daktari, na kati ya 1946 na 1949 mpasuaji Harold Gillies alimfanyia zaidi ya operesheni kumi za kumjengea uume. Tangu vidonge vile vya Dillon imepita zaidi ya miaka themanini. Katika muda huo vitabu vya tiba viliandika kwa kirefu juu ya ndevu, sauti, unene wa damu, ini na mafuta ya damu ya watu hawa. Maumivu ya nyonga yalikuja kuhesabiwa juzijuzi tu.

Mfano mzuri wa hesabu hiyo ulitoka Australia mwaka 2023. Watafiti waliwahoji kwa dodoso watu 486 waliobadili jinsia na wanaotumia testosteroni, wengi wao vijana. Umri wa katikati ulikuwa miaka 27. Waliosema walipata maumivu ya nyonga baada ya kuanza dawa walikuwa 351, yaani asilimia 72.2. Walipotakiwa kuonyesha mahali, wengi walitaja juu ya kinena, na walipotakiwa kueleza yalivyo, wengi walisema yanabana. Nisingependa asilimia hiyo ichukuliwe kuwa ndiyo ya watumiaji wote wa testosteroni duniani. Dodoso la hiari huwavuta wenye shida. Asiyeumwa kitu halioni kuwa lake. Lakini hata ukiipunguza kwa nusu, bado ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu, na hao si wa kupuuzwa kwa neno gesi.

Kilichonivutia zaidi katika utafiti ule ni yale yaliyoambatana na maumivu. Wale ambao hedhi yao haikukatika kabisa waliumwa zaidi. Wanaopata maumivu wanapofika kileleni, vivyo hivyo. Na wenye historia ya msongo wa baada ya kiwewe, vivyo hivyo. Ukavu wa uke, ambao madaktari wengi wangeutaja kwanza, haukuonekana kuwa na uhusiano, wala kitanzi, wala ujauzito wa zamani. Huo ni uhusiano wa takwimu, hautuambii chanzo ni kipi. Hata hivyo unatosha kutuonya kwamba maelezo tuliyozoea kuyatoa bila kufikiri huenda siyo.

Tuanze na kizazi chenyewe. Testosteroni ikiingia mwilini kwa wingi, ubongo hupunguza amri zinazotoka kwenye tezi ya pituitari kwenda kwenye ovari. Ovari zinapoa, mzunguko unavurugika, ukuta wa ndani wa kizazi haujengwi na kubomolewa kwa ratiba, na damu inakatika. Ila kupoa si kuzimika. Sehemu ya testosteroni yenyewe hugeuzwa kuwa estrojeni na kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kilichomo katika mafuta ya mwili na kwingineko. Wataalamu wanaopima chini ya hadubini vizazi vilivyotolewa kwa upasuaji huona mambo mawili tofauti: kwa wengine ukuta wa ndani umesinyaa, kwa wengine seli zake bado zinagawanyika kama za mtu mwenye mzunguko. Na yai linaweza kupevuka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 juu ya wanaume 41 waliobadili jinsia na kuzaa ulionyesha kwamba baadhi ya waliokuwa wametumia testosteroni walishika mimba kabla hedhi haijarudi. Kwa hiyo testosteroni si dawa ya uzazi wa mpango, na mtu mwenye kizazi anayelala na mwenye mbegu za kiume akija na maumivu ya ghafla, kipimo cha mimba ni cha kufanywa siku hiyohiyo, hata kama hajaona damu kwa miaka mitatu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi haisomi kitambulisho cha mtu.

Ratiba ya dawa nayo ina lake. Anayechoma sindano kila baada ya wiki mbili hupanda siku chache baada ya kuchoma, kisha hushuka polepole hadi sindano inayofuata. Wengine huona kwamba siku za mwisho, kiwango kikiwa chini, ndipo tumbo linabana au matone ya damu yanaonekana. Mtu wa namna hiyo akigawiwa dozi ileile katika sindano za kila wiki, au akahamia jeli ya kupaka kila siku, mawimbi yanapungua. Haitibu kila mtu. Lakini ni jambo rahisi kulijaribu kabla ya kufikiria kisu, na haligunduliki mpaka mtu aandike tarehe za maumivu pembeni ya tarehe za sindano.

Maumivu yanayorudi kila wiki nne bila damu yananifanya niifikirie endometriosisi: vipande vya tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa kizazi, vimeota nje yake, kwenye ovari, kwenye utando wa tumbo, nyuma ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Hapa kwetu ni wangapi waliokwenda zahanati wakikunjana, wakaambiwa hilo ni chango tu, ukishazaa litaisha? Mwanamume aliyebadili jinsia anapata jibu la jamii hiyohiyo, tena bila hata ile ahadi ya kuzaa. Testosteroni mara nyingi huutuliza ugonjwa huu, na zamani dawa za ukoo wake zilitumika kuutibu kwa wanawake. Lakini vipande hivyo vina aromatesi yake yenyewe. Vinaweza kujipikia estrojeni papo hapo vilipo. Huko Boston, madaktari waliochapisha kazi yao mwaka 2020 walichambua mafaili ya vijana 35 waliobadili jinsia na waliokuwa na maumivu makali ya hedhi. Saba kati yao walichunguzwa ndani ya tumbo kwa laparoskopia. Wote saba walikutwa na endometriosisi. Saba ni wachache, tena walichaguliwa kwa sababu walikuwa na shida kubwa. Ila mtu aliyekuwa akizimia kwa chango akiwa na miaka 14 hapaswi kuambiwa akiwa na miaka 24 kwamba historia hiyo ilifutika siku alipochoma sindano ya kwanza.

Sasa nije kwenye misuli, ambako naona ndiko kunakosahaulika zaidi.

Chini ya nyonga, kati ya mfupa wa kinena na mwisho wa uti wa mgongo, kuna tabaka la misuli linalobeba kibofu, kizazi na utumbo mpana. Hukaza unapozuia mkojo, huachia unapokojoa, hupanda na kushuka kila unapovuta pumzi. Misuli hii inaweza kukaza na isiachie tena, kama mkono uliokunjwa ngumi mchana kutwa, na jioni inauma kwa namna ambayo mwenyewe atasema ni tumbo, au ni kibofu, au ni kizazi, kwa kuwa neva za eneo hilo zinaingia uti wa mgongo kwa milango ya jirani.

Kwa nini wanaume waliobadili jinsia wakaze? Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani mwaka 2015, ukawahoji watu 27,715 waliobadili jinsia, uliwauliza habari za vyoo. Asilimia 59 walikuwa wamekwepa vyoo vya umma katika mwaka uliotangulia kwa kuogopa kushambuliwa au kuzozana na watu. Asilimia 32 walipunguza kula na kunywa ili wasihitaji choo. Asilimia 8 walisema walipata maambukizi ya njia ya mkojo au tatizo la figo kwa sababu ya kukwepa huko. Mfikirie mfanyakazi wa ghala anayebana mkojo tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku tano kwa wiki, miaka minne. Ongeza kifua kilichofungwa kwa kitambaa cha kubana, kinachomlazimisha apumue juujuu bila kuteremsha kiwambo cha chini ya mapafu. Ongeza kwa wengine kumbukumbu ya kushikwa bila ridhaa, ambayo mwili huitunza kwa kukaza. Simaanishi kwamba maumivu yako kichwani. Msuli uliokaza unapapaswa kwa kidole, na kidole hakidanganyi.

Uchunguzi wa maumivu haya unastahili kuelezwa hatua kwa hatua, maana wengi hawajawahi kufanyiwa ulio mzuri. Daktari anayejua kazi anaanza na mgonjwa akiwa amevaa nguo, amekaa kwenye kiti, si kitandani. Anamuuliza anapenda sehemu zake ziitweje, kisha anatumia majina hayohayo. Anamwambia kila kitakachofanyika na kwamba neno moja la kusimamisha linatosha. Mgonjwa akilala chali, daktari anabonyeza pale panapouma kwa ncha ya kidole, anakiacha kidole hapo, na kumwomba ainue kichwa na mabega kama anayetaka kuamka. Misuli ya tumbo ikikaza hivyo inafunika vilivyo chini yake. Maumivu yakipungua, chanzo kiko ndani zaidi. Yakibaki palepale au yakizidi, chanzo ni ukuta wa tumbo wenyewe, msuli au neva iliyobanwa. Kipimo hiki kilielezwa na mpasuaji wa Marekani J. B. Carnett mwaka 1926. Hakigharimu hata senti, na bado wengi hupelekwa kwenye altrasaundi ya pili na ya tatu bila kufanyiwa hicho.

Hatua ya ndani ni kidole kimoja, chenye mafuta ya kutosha, na kwa ridhaa tu. Kabla ya kukigusa kizazi, daktari anabonyeza taratibu misuli ya pembeni, kushoto, kisha kulia, kwa uzito ule ambao angetumia kubonyeza paja bila kuliumiza. Mara nyingi mgonjwa anashtuka na kusema, hapohapo, hayo ndiyo maumivu yangu. Amefika kwa sababu ya kizazi na kizazi bado hakijaguswa. Spekula, kifaa cha kupanua uke, ikihitajika inachukuliwa ndogo, na wengi huvumilia zaidi wakiruhusiwa kuiingiza wenyewe.

Tabaka la ndani la uke nalo hubadilika. Estrojeni ikipungua linakuwa jembamba na kavu, sukari inayowalisha bakteria wema inapungua, bakteria hao wanapungua, na asidi iliyokuwa inazuia vijidudu vingine inashuka. Hapo maumivu ni ya kuchoma, ya juujuu, huja wakati wa kupenywa au mkojo ukigusa. Mabadiliko haya yanafika hadi maabara. Katika kituo kimoja cha afya cha Boston, vipimo vya shingo ya kizazi visivyosomeka vilikuwa asilimia 10.8 kwa wanaume waliobadili jinsia, dhidi ya asilimia 1.3 kwa wanawake wasiobadili jinsia, na kadiri mtu alivyokaa na testosteroni ndivyo uwezekano ulivyoongezeka. Kipimo kisichosomeka maana yake ni kurudia yote yale upya, na wengi hawarudi. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo cha virusi vya HPV ambacho mtu anaweza kujichukulia mwenyewe kwa pamba ya kijiti, na kwa kundi hili sioni sababu ya kuanza na kingine.

Kuna wanaoumwa baada ya kufika kileleni, dakika chache baadaye, wakati mwingine hadi kesho yake. Ni kundi kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ni nani atakayelianzisha jambo hilo mbele ya daktari asiyemjua? Kileleni kizazi na misuli ya nyonga hukaza kwa mfululizo wa haraka. Kama misuli ilikuwa imeshakaza, au kizazi kina uvimbe, mkazo huo ndio unaotonesha. Ibuprofeni kabla ya tendo huwasaidia baadhi yao. Wajibu wa kuuliza ni wa daktari.

Habari ya kutouliza, na hata kutopokea, haiwezi kupita bila kumtaja Robert Eads, Mmarekani wa jimbo la Georgia. Mwaka 1996, akiwa na ndevu na kofia yake ya mchunga ng'ombe, alianza kuumwa tumbo vibaya na kutoka damu. Ilikuwa saratani ya ovari. Alipoitafuta tiba, zaidi ya madaktari kumi walikataa kumpokea. Wapo walioona kwamba mwanamume kwenye chumba cha kungojea cha wanawake angewaletea aibu. Alipopata wa kumtibu, saratani ilikuwa imesambaa. Alifariki Januari 1999, akiwa na miaka 53. Kate Davis alirekodi mwaka wake wa mwisho katika filamu Southern Comfort, iliyoshinda tuzo kuu ya filamu za matukio halisi huko Sundance mwaka 2001. Maumivu ya Eads hayakusababishwa na testosteroni, na wengi wa wanaoumwa nyonga hawana saratani. Namtaja kwa sababu wanaume waliobadili jinsia wanamjua, na wanapochelewa kwenda hospitali wanachelewa wakiwa na habari yake.

Ndiyo maana dalili za hatari zisemwe waziwazi. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, hasa yakiandamana na kutapika, yanaweza kuwa ovari iliyojisokota, na hilo ni suala la saa chache. Homa na uchafu unaonuka ni maambukizi mpaka ithibitishwe vingine. Kizunguzungu au kuzimia ni sababu ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Na damu inayorudi baada ya mwaka mzima wa ukavu, wakati hakuna dozi iliyorukwa, inahitaji kutafutiwa chanzo.

Tiba inafuata chanzo. Tabaka jembamba hutibiwa kwa estrojeni ya kuweka mahali penyewe, mara nyingi kidonge cha mikrogramu 10 kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Wanaume wengi husita wakisikia jina hilo, na nawaelewa. Nani anataka kukirudisha mlango wa nyuma alichokifukuza mlango wa mbele? Lakini kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, ndevu hazinyonyoki wala sauti hairudi juu. Kizazi kinachobana, au endometriosisi, huongezewa projestini, iwe vidonge vya norethisteroni au kitanzi chenye levonojestreli. Kitanzi kikiwekwa chini ya dawa ya usingizi mtu haoni tukio lenyewe, na kwa aliyewahi kudhulumiwa hiyo si anasa.

Misuli hupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga. Anafundisha kuachia: kupumua hadi tumboni, kukojoa bila kusukuma, kulegeza kwa kubonyeza kutoka ndani au nje. Yale mazoezi maarufu ya kubana na kuhesabu, ambayo kila mama aliyejifungua ameshaambiwa, hapa huzidisha maumivu. Msuli wenye tatizo la kubana hauponi kwa kufundishwa kubana zaidi.

Kisha kuna kukiondoa kizazi. Kwa baadhi yao ni upasuaji walioutamani tangu zamani na maumivu yamewapa sababu ya pili, na wengi hupata nafuu. Wengine wanaamka na kidonda kipya na maumivu yaleyale, kwa sababu kilichokuwa kinauma ni misuli, na hiyo imebaki palepale. Uchunguzi wa kidole kimoja ulipaswa kutangulia. Swali la ovari huamuliwa siku hiyohiyo na lina uzito wake: zikitolewa, testosteroni ya sindano ndiyo inayobaki kuilinda mifupa. Aliyekuwa akiruka dozi bila athari kubwa kwa kuwa ovari zilikuwa zinamfidia hana tena wa kumfidia, na akikaa miaka bila dawa, iwe kwa kukosa fedha, kwa dawa kuadimika dukani, au kwa kusafiri bila barua ya daktari, mifupa yake itaanza kupungua uzito akiwa bado na miaka thelathini.